"Palia, acha ukauke": uchambuzi wa neno moja katika daftari la upishi

Maandishi yenyewe ni haya, kama yalivyo katika daftari la shule lililochakaa kingo, chini ya kichwa "Wali wa nazi":

"Chambua mchele, uoshe. Teleka tui la pili na chumvi. Likichemka mimina mchele. Ukikaribia kukauka tia tui la kwanza, koroga mara moja. Ukishakunywa tui, punguza moto chini, palia, acha ukauke. Epua."

Mwenye daftari alikuwa bibi mzaliwa wa Pangani, aliyeolewa Moshi na kukaa Majengo hadi alipofariki. Daftari alilirithi mjukuu wake, binti ambaye pamoja na wenzake hupika kwenye shughuli: arusi, hitima, maulidi, vikao vya familia. Walitaka wali wa bibi uwe ndio utakaowatambulisha mjini, na wakaanza kuufuata mstari kwa mstari. Teleka haikuwasumbua, kwa sababu mwanzoni mwa mapishi hakuna kinachoweza kufanyika zaidi ya kubandika sufuria jikoni. Epua wakaisoma kuwa ni ipua. Kilichowagawa ni palia.

Kisa kiliniangukia mimi kwa kuwa nafundisha Kiswahili na binti huyu nilimfundisha. Naona kinastahili kuelezwa kwa ukamilifu, maana tatizo lake huwapata wengi wanaofungua madaftari ya wazee, na jibu lake halikupatikana kwa kufungua kamusi peke yake.

Walivyolisoma

Jaribio la kwanza walilifanya kwenye shughuli ndogo ya ndugu, kilo tano za mchele wa Chekereni, sufuria kubwa, jiko la gesi. Kila kitu kilikwenda sawa hadi "punguza moto chini". Hapo mama mmoja wa kundi, mkubwa wao kwa umri, mzaliwa wa Marangu kule mlimani Kilimanjaro, akasema palia ni palilia. Akaeleza kwamba mwiko unapitishwa kutoka pembeni kuingia katikati, mchele wa chini unainuliwa kuja juu, kama jembe linavyopita kwenye migomba kihambani. Wenzake walimsikiliza, na walikuwa na sababu nzuri: ndiye mwenye mkono wa kupika kuliko wote pale. Wakaupitishia wali mwiko mara kadhaa. Ukatoka umekatikakatika na kushikana, juu mafuta ya nazi yameelea, chini ukoko umekuwa mweusi. Watu walikula, lakini hakuna aliyeomba kuongezwa.

Baada ya hapo mdogo wao akaja na hoja nyingine. Alisema palia ni kile ambacho chakula hukufanya kooni unapocheka huku unakula: "wali umenipalia". Hivyo, kwa maoni yake, bibi aliteleza kalamu. Alikusudia "pakua", au pengine "poza". Pendekezo lake lilikuwa neno lifutwe.

Mjukuu mwenyewe alikuwa na maoni ya tatu. Alikumbuka kwamba chungu cha bibi mwishoni kilikuwa kimefunikwa siku zote, kwa hiyo palia lazima iwe funika. Jaribio la pili wakafunika, wakapunguza gesi, wakaacha. Wali ukawa bora kuliko ule wa kwanza. Chini ulikuwa mzuri. Tabaka la juu, lakini, lilikuwa limelowa, na walipofunua, maji yaliyokuwa yamejikusanya kwenye kifuniko yalimwagika ndani. Punje za pembeni kwa juu zilikuwa bado na kiini, yaani hazijaiva ndani.

Tazama jinsi hali hii ilivyo ngumu. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakulijua neno palia. Wote walilijua, kila mtu kwa maana yake, na kila maana ni Kiswahili sahihi. Mtu akikutana na injika, yaani teleka, ambalo Moshi hulisikii kabisa, atasimama na kuuliza. Anayelijua palia la shambani hana sababu ya kuuliza. Neno la zamani lenye sura ya neno la leo hupita bila kukaguliwa, na hapo ndipo linapoharibu chakula.

Ndani ya neno

Tuanze na kitenzi mama, ambacho ni paa. Leo tukisikia paa tunawaza ndege. Wauza samaki wanalo jingine: kumpaa samaki ni kumkwangua magamba. Na lipo la tatu, ambalo vijana wengi wa mjini hawajawahi kulitamka: kupaa moto, yaani kuchota makaa ya moto mekoni kwa kigae au kwa koleo ili uyapeleke mahali pengine. Zamani kabla kiberiti hakijawa kitu cha kila nyumba, mtu alikwenda kwa jirani na kigae chake asubuhi, akapaa moto, akarudi kuwasha kwake.

Sasa angalia vitenzi vya umbo hili vinavyonyumbuka. Kaa huwa kalia. Vaa huwa valia. Zaa huwa zalia, twaa huwa twalia. Ile l iliyopotea katika kitenzi kifupi hurudi tunapokiongezea kiambishi cha kutendea. Paa hufuata njia hiyohiyo, nayo huwa palia. "Nipalie moto" ni ombi la kuchotewa makaa. "Palia wali" ni agizo la kuuchotea wali makaa, na wali hauchotewi makaa kwa jambo jingine ila kuwekewa juu ya kifuniko.

Ndiyo maana bibi hakuandika "palia makaa juu ya kifuniko", ingawa wapishi wengi wa mwambao husema "palia moto juu" au "palia makaa" ili asikilizaye asikosee. Makaa yamo ndani ya kitenzi tayari. Anayesema "telemka" haongezi kwamba ni kwenda chini. Bibi alijiandikia mwenyewe na watu wa jiko lake, na kwao neno lilikuwa limekamilika.

Na palia ya shambani je? Kiswahili kina kupalia shamba na kupalilia, na mtu wa Marangu aliyelishika jembe toka utotoni ana haki ya kulisikia hilo kwanza. Mimi naona maneno haya ni ndugu, kwa kuwa jembe la palizi hukwangua uso wa udongo kama kisu kinavyokwangua magamba na koleo linavyokwangua makaa mekoni. Lakini undugu hauyafanyi kuwa kitu kimoja. Ya kooni nayo, kupaliwa na maji au chakula, ina njia yake katika matumizi: huko kinachopalia ni chakula chenyewe, na anayepaliwa ni mtu. Katika agizo la bibi mtendaji ni mpishi. Sarufi peke yake ilitosha kuiondoa hoja ya kalamu kuteleza.

Nilipokuwa nikimweleza binti haya, nikataja nahau ya kumpalia mtu makaa, maana yake kumchongea au kumtia matatani. Akanikatiza: "Hiyo naijua, mwalimu. Tuliisoma shuleni, ikatoka na kwenye mtihani." Aliijua nahau na maana yake, neno kwa neno, bila kuwahi kuwaza kwamba kuna jiko ambamo makaa hupaliwa kweli. Picha ya mtu aliyewekewa moto kichwani kama kifuniko cha chungu ilikuwa mbele yake miaka yote. Nilisikitika kidogo, na pia nilifurahi, kwa kuwa nahau ilikuwa imelitunza neno mpaka siku alipolihitaji.

Inafaa kueleza kwa nini neno lilikuwa geni katika kundi la Moshi. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na watu wa mwambao walikuja nayo: wafanyabiashara, mafundi, wapishi. Walikuja na mbuzi za kukunia nazi na vifumbu vya kuchujia tui, na walikuja na maneno ya kazi hiyo. Kule juu mlimani chakula cha kila siku kilikuwa ndizi. Mtori, machalari na kiburu huiva ndani ya maji yake, vingine hupondwa, na hakuna hata kimoja kinachodai moto juu. Mtu aliyekulia kwenye vyakula hivyo hakuwa na kazi ya kulipatia neno palia jikoni, akalibakiza shambani linakotumika.

Daftari linavyojishuhudia

Kabla ya kwenda kuuliza kwa mtu yeyote, nilimwomba binti aniletee daftari lote. Neno la zamani lisisomwe kwenye mstari mmoja ikiwa mwandishi ameacha kurasa nyingi.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa hapohapo kwenye wali. Bibi ameandika "punguza moto chini". Kwa nini chini? Kwenye ukurasa wa mchuzi wa papa ameandika tu "punguza moto, uchemke taratibu". Anayejua moto uko mahali pamoja hana haja ya kutaja mahali. Neno chini limewekwa kwa sababu kuna juu inayokuja.

Wa pili, "koroga mara moja". Hii imeandikwa kwa ajili ya tui la kwanza, lile zito. Mwandishi anayekuwekea mpaka wa kukoroga mara moja hawezi, baada ya sentensi moja, kukuambia uupitishie mwiko wali uleule ukiwa umekwisha kuvimba.

Wa tatu ndio ulionifanya nifunge daftari kwa muda. Kwenye ukurasa wa mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele na tui, kumeandikwa: "Palia makaa machache, usiunguze uso." Uso wa mkate ni upande wake wa juu. Mkate haulimwi wala haukorogwi ukiwa umeshamiminwa, na wala haumpalii mtu kooni ukiwa bado jikoni. Makaa yametajwa, na hofu ya kuunguza uso imetajwa.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona mpaka niliposoma mstari wa wali kwa sauti. "Punguza moto chini, palia." Tulikuwa tukiyahesabu kama maagizo mawili. Kwenye jiko la mkaa ni mkono mmoja na mwendo mmoja: makaa yanayopunguzwa chini ndiyo yanayopandishwa juu. Moto hauongezwi. Unagawanywa. Na kupaa, kama tulivyoona, ni kuchota moto kutoka mahali ulipo. Kitenzi kinasema yanakotoka makaa na kwa ajili ya nani, vyote pamoja. Mtu wa gesi aliposoma "punguza moto" alizungusha kitasa, moto ukatoweka hewani, na neno lililofuata likabaki halina cha kuchota.

Jikoni Njoro

Hata hivyo nilitaka tuone kwa macho. Rafiki wa marehemu bibi yupo Njoro, hapahapa Moshi, naye ni mtu wa Tanga, bado anapikia mkaa. Tulikwenda na binti na yule mama wa Marangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni, piteni ndani."

Binti akauliza moja kwa moja: "Bibi, kupalia wali ni kufanyaje?" Bibi akamtazama kwa muda, akasema, "Ungekuja na nazi ningekuonyesha." Nazi tulikuwa nazo.

Nitaruka sehemu ya kukuna na kukamua, maana hakuna kilichotofautiana na daftari. Tui la kwanza lilipotiwa na kunywewa, uso wa wali ukabaki na vishimo vidogo ambamo mvuke unatokea. Bibi akasema hiyo ndiyo saa yake. Ukipalia kabla vishimo havijatokea unaufungia maji ndani, ukichelewa chini kumeshika. Akaweka kifuniko bapa cha bati nene. Zamani, alisema, ulikuwa mkungu, yaani kifuniko cha udongo, nao ulikaa na joto vizuri zaidi. Akaitua sufuria pembeni, akachukua koleo, akaanza kutoa makaa katikati ya jiko moja moja. Aliyapanga juu ya kifuniko kwa kuzunguka ukingo, mengi pembeni, machache sana katikati.

Yule mama wa Marangu ndiye aliyeuliza kwa nini pembeni.

"Moto wa chini unapiga katikati," bibi akajibu. "Kiini hubaki pembeni kwa juu. Unaupelekea moto unakokosekana."

Yaliyobaki jikoni akayatandaza na kuyafunika kwa majivu mepesi, akairudisha sufuria. Binti akanyoosha mkono kwenye kipepeo, bibi akamzuia: ukipepea, majivu ya juu yanaruka na yatatafuta njia ya kuingia ndani. Kisha akainamisha sikio. Mwanzo kulikuwa na sauti ya kutokota, nzito. Ikapungua. Baadaye ikaja sauti kavu, ya kutatarika kidogo kutoka chini, na harufu ya nazi ikabadilika, ikawa karibu na ya nazi iliyokaangwa. Hapo akayatoa makaa yote ya juu kwa koleo, akafuta kifuniko kwa kitambaa kibichi kuelekea upande wa nje, akakifunua kwa kukiinamisha mbali na sufuria. Hakuna hata chembe ya jivu iliyoanguka. Wali wa juu ulikuwa mkavu, punje imesimama, na pembeni hapakuwa na kiini.

Binti bado alikuwa na funika yake moyoni. "Na nikifunika tu, bibi, nikapunguza moto?"

"Huo umeufunika, mwanangu. Hujaupalia."

Kazi inayofanywa na makaa ya juu

Jibu la bibi linaweza kuelezwa kwa lugha ya mvuke. Wali unapokaribia kuiva, maji yaliyobaki hupanda kama mvuke na kugonga kifuniko. Kifuniko kilicho baridi kuliko mvuke huugeuza kuwa matone, na matone huanguka yalikotoka. Ndiyo maji ambayo binti aliyaona yakimwagika kwenye jaribio la pili. Mpishi akitaka kuyamaliza kwa kuongeza moto chini, chini kunaungua kabla juu hakujakauka. Makaa juu ya kifuniko hukifanya kiwe cha moto, matone hayajengeki, mvuke hutafuta upenyo wa pembeni na kutoka, na joto hushuka kwenye tabaka la juu ambalo moto wa chini haulifikii vizuri.

Kwa upande mwingine, mwiko una madhara yake. Wanga wa mchele huanza kuvimba na kulainika kwenye joto la kati ya nyuzi 55 na 80 hivi za Selsiasi, kutegemea aina ya mchele. Punje iliyofikia hapo ni laini na uso wake unanata. Ukiipitishia mwiko inapasuka, wanga unatoka, na unachopata kinakwenda njia ya bokoboko.

Huku kwetu kuna sababu ya ziada ya kulithamini neno hili. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, kiwango hushuka, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Moshi mjini ni karibu 97, na Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu 95. Wali wa Arusha, basi, unaiva ndani ya maji yenye joto pungufu kuliko wali wa Pangani, na unahitaji muda zaidi ili punje ya juu nayo iive mpaka ndani. Anayehamisha mapishi ya pwani kuja milimani na kuiacha palia njiani ameacha kitu ambacho huku kinahitajika zaidi.

Liandikweje kwa mtu wa gesi

Binti alitaka kuchapa upya mapishi ili wenzake wote wawe na nakala. Swali likawa neno gani liwekwe. Tulipitia yaliyopo. Funika inaacha moto nje. Kausha inataja matokeo na kuficha kitendo. Oka inakaribia zaidi, kwa kuwa oveni nayo huleta joto la juu na la chini, lakini anayesoma oka atawaza trei na keki, na hatajua kwamba wali umeshaiva kwa sehemu kubwa na sasa unamaliziwa tu. Nilipendekeza, nao wakakubali, kwamba palia ibaki, na baada yake iandikwe sentensi moja: "yaani weka joto juu ya kifuniko, jingi pembeni, mpaka wali wa juu ukauke". Neno likibaki na maelezo yake, atakayekuja baadaye atapata vyote viwili. Likifutwa, atabaki na maelezo ya mtu mmoja wa Moshi juu ya jiko la wakati wake.

Kwa matendo, kuna njia tatu ambazo nadhani zinaheshimu kazi ya palia. Mwenye oveni aiwashe kabla, nyuzi 150 hivi, aingize sufuria isiyo na mikono ya plastiki kwa dakika kama ishirini tui likishanywewa. Asiye na oveni atandike kitambaa safi cha pamba chini ya kifuniko, pembe zake azikunje juu zisishike moto, apunguze gesi hadi mwisho. Kitambaa hakileti joto, lakini kinanywa yale matone, na hiyo ni nusu ya kazi. Ya tatu ni kuwasha makaa kidogo pembeni kwa ajili ya juu tu, huku chini ni gesi. Bibi wa Njoro alipoisikia hii ya tatu alisema inafaa kabisa.

Njia ninayoipinga ni ile ya kufunika wali kwa mfuko wa plastiki chini ya kifuniko. Ilienea sana kwenye mapishi ya shughuli, na hata baada ya mifuko ya plastiki ya kubebea kupigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, bado wapo wanaotafuta nailoni ya kazi hiyo. Plastiki inagusana na chakula cha moto na mafuta ya nazi, jambo lisilofaa kiafya. Na hata kwa upishi tu inafanya kinyume cha palia: palia inautoa mvuke, nailoni inaufungia. Wali wa hivyo huonekana umeiva upesi, lakini ni wa majimaji na hulala vibaya.

Najua mkaa unaondoka, na sina huzuni nao. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na aliyekaa kwenye moshi wa jiko la kuni miaka yote anajua kwa nini. Ila mkaa ukiondoka bila mtu kueleza kazi uliyokuwa ukiifanya, maneno kama hili yatabaki kwenye nahau za mtihani, na wali wa gesi utaendelea kulowa juu huku watu wakilaumu mchele.

Wakati huu kundi linapalia kwa oveni kwenye kazi ndogo. Kwenye sufuria za shughuli kubwa, zile ambazo kifuniko chake hakiingii oveni yoyote, wanatandika bati bapa juu ya kifuniko na makaa juu ya bati, ili wakati wa kufunua walinyanyue lote kwa pamoja na majivu yake. Wazo la bati lilikuwa la yule mama wa Marangu. Yeye pia ndiye anayeinama kusikiliza, na wenzake hawafunui mpaka aseme.

Tumeshahamia ukurasa wa muhogo. Bibi ameandika "pwaza" mahali pamoja na "tokosa" mahali pengine, na mdogo wa kundi alitaka kuyaweka yote kuwa "chemsha". Nimemwomba asubiri, kwa sababu kupwaza ni kupika kwa maji na chumvi tu, bila tui wala kuunga, na palipoandikwa pwaza kuna nukta nyekundu pembeni ambayo kwa tokosa haipo. Jumamosi tutarudi Njoro na muhogo.